Kiti Laini cha Pikipiki Yako

Mwanangu Penina,

Umeondoka hapa Mkonze jua halijachomoza. Katika shajara yangu nimeandika tarehe, na chini yake neno moja: Ameondoka. Siku nyingine huwa najaza ukurasa. Leo mkono umekataa, ndiyo maana nimechukua karatasi nikuandikie wewe. Utaisoma ukirudi. Naliandika neno hilo, ukirudi, lakini kulitamka naogopa.

Uliposema likizo yako utakwenda Bukoba kwa pikipiki, uone nchi tu, jirani yetu Mama Chilewa aliuliza, "Kwani mabasi yamegoma?" Tukacheka wote. Mimi nilicheka kuliko wengine, kwa sababu hofu yangu ilitafuta pa kujificha. Ikajificha kwenye spana.

Nilianza na usukani, nikaunyanyua kidogo usiinamishe mgongo. Nikafunga kioo kirefu mbele, kikukinge na upepo wa uwanda huu wetu usiokuwa na mti wa kuuzuia. Vikanyagio nikavisogeza ili magoti yapumzike. Kwenye masanduku ya pembeni nilipanga vitu vizito chini, koti la mvua juu. Simu nikaiwekea kishikio mbele yako, uione bila kuitafuta. Kila nati niliyokaza ulinisaidia kuihakiki, na ulipoingia ndani kunywa chai nikaikaza tena.

Kisha kiti. Unamkumbuka Fundi Lameki wa Majengo, yule anayeshona viti vya bodaboda? Nilimwambia aongeze sponji.

"Baba Penina, hii inatosha."

"Ongeza."

Akaongeza, akaibonyeza kwa kiganja, akaangua kicheko. "Mzee, hiki siyo kiti tena, ni kochi! Binti akifika Manyoni ataomba mto."

"Na mto nitamnunulia," nikamjibu.

Juu yake nikafunga ngozi ya kondoo. Ulipoikalia ulifumba macho, ukasema, "Baba, hapa hata Bukoba ni karibu." Siku hiyo sikumwonea wivu baba yeyote Dodoma nzima.

Asubuhi hii nilikuwa uani naokota vipande vya sponji vilivyobaki. Nilipokishika kimoja mkononi ndipo nikakumbuka safari zetu za Manyoni, kwa bibi yako.

Ulikuwa bado shule ya msingi, darasa la chini. Pikipiki yangu ya kazi ya ubwana mifugo ilikuwa na kiti kigumu kama benchi la kanisa. Mama yako alikuwa anakufunga kwangu kwa kitenge, fundo likikaa tumboni mwangu. Hatujavuka Nala unaanza kulalamika.

"Baba, makalio yanauma."

"Vizuri. Yakiuma hutalala."

Na ili nihakikishe uko macho, nilikuwa napaza sauti kuishinda injini: "Wapi hapa?"

"Bahi!"

"Wanalima nini?"

"Mpunga!"

"Mbele?"

"Kintinku!"

Uliyapigia kelele majina hayo hadi wachungaji wa ng'ombe wakaacha fimbo zao na kutupungia. Mmoja aliwahi kutuuliza kama tunahesabu vituo vya treni.

Siku moja, wakati wa kurudi, hukujibu. Barabara ilikuwa imenyooka, joto limeilalia. Nikauliza tena, "Wapi hapa?" Nikasikia injini peke yake. Kisha kitenge kikanivuta upande mmoja. Sijui nilisimamaje. Najua tu kwamba mkono wangu mmoja ulikuwa nyuma, umeshika gauni lako, na wewe unaning'inia. Ukafumbua macho ukauliza, "Tumefika?" Nilikaa chini kwenye changarawe. Wewe ukadhani tumesimama kula miwa.

Siku ile bibi yako alikuwa amekuonea huruma. Alikuwa amekuwekea mto juu ya kile kiti kigumu.

Mto, Penina. Nimewezaje kulisahau hilo? Fundi aliutaja mbele yangu, nami nikaahidi kuununua. Nimekuondolea upepo, nimekuondolea maumivu ya mgongo, ya magoti, ya makalio, yaani kila kitu ambacho kingekuamsha. Nimekutandikia kitanda kwenye barabara ya malori.

Na siwezi kukuambia. Mama yako ameniona nimeikodolea simu, akasema, "Baba Penina, utaitoboa hiyo simu kwa macho."

"Anaendesha."

"Basi mpigie."

"Nikimpigia, simu itawaka mbele yake. Ataitazama."

Mama yako akaacha kupeta ulezi, akaja akaketi karibu nami, jambo ambalo huwa halifanyi kabla ya kazi kuisha. Hapo nikajua naye anaogopa.

Nikatuma ujumbe mmoja tu, nikiomba Mungu usiufungue mpaka umesimama: "Wapi hapa?"

Ulezi ukakaa ungoni bila kuguswa. Kisha simu ikalia, na mama yako akainyakua kabla yangu, akasoma kwa sauti: "Shikamooni. Kintinku! Nimesimama kunywa maji. Mbele mlima Saranda, halafu Manyoni. Baba, makalio hayaumi hata kidogo! Mwambie Fundi Lameki hongera."

Mama yako akacheka, akafuta macho kwa ncha ya khanga. Mimi nikaogopa zaidi: hayaumi hata kidogo. Nikaandika haraka, vidole vikikosea herufi: "Vua ngozi ya kondoo, ina kamba mbili tu. Fungua zipu ya koti upepo uingie. Ukiona macho mazito, shuka utembee. Kaa pagumu mwanangu."

Hujajibu. Labda ulikuwa umeshawasha pikipiki.

Sasa jua limepanda, na bati la nyumba limeanza kulia kwa joto. Mama yako ameniletea kiti cha sebuleni, kile chenye mto, nimekikataa. Nimekaa kwenye kigoda cha jikoni. Makalio yananiuma vizuri, na silali. Nayataja majina polepole, kama ulivyokuwa unayataja wewe mgongoni kwangu: Nala, Bahi, Kintinku. Nikifika hapo nanyamaza, maana lile la mbele ni lako kulisema.

Wapi hapa, Penina? Nijibu, hata kwa neno moja.

Baba yako,
ambaye leo amekaa nyuma.