Nusu Mbili za Nyumba

Jumanne, mchana

Kaka mpendwa,

Salamu zangu zikukute hapo kambini ukiwa na afya, mgongo umepoa na kile kikohozi cha vumbi la mgodi kimekuachia usingizi. Sisi huku tu wazima, wote. Nimeanza na neno hilo makusudi ili yanayofuata usiyasome roho mkononi. Wifi anakula, mama anakula, na watoto wako wanakula kuliko wote. Dereva anayewaletea chakula kambini amekubali kunichukulia barua hii, maana tangu mhamie ng'ambo ya milima simu yako haishiki kabisa, na niliyo nayo hayafai kupitishwa mdomoni mwa mtu.

Siku ile ya kuondoka ulinipa kazi. Ulisema picha za simu ni za kupakana mafuta, hazionyeshi kitu, na wewe unataka picha kubwa za nyumba inavyopanda, picha ambayo utahesabu matofali ukiwa umejilaza kitandani. Ukaniachia ile kamera ya mbao yenye mvukuto uliyoinunua kwa mzee aliyefunga studio, pamoja na boksi la filamu za vipande, kila kipande kipana kama kiganja kilichokunjuliwa. Kazi yako nimeifanya, Kaka. Kila mafundi walipomaliza hatua nilipanda kwenye baraza la mshona viatu anayetazamana na nyumba, nikaiweka miguu ya kamera kwenye alama zilezile nilizochonga sakafuni kwa ruhusa yake, nikajifunika kitambaa cheusi. Watoto wako wakanibandika jina, Shangazi Bila Kichwa. Mpaka leo naitikia.

Kupiga kulikuwa rahisi. Kusafisha ndiko kulikonitoa jasho. Studio kubwa ya mjini walilipokea boksi langu kama watu waliopewa yai la nyoka. Walisema wao hawasafishi tena filamu za namna hiyo, wanazituma mbali, na bei ya kipande kimoja ni bei ya jozi ya viatu vya ngozi. Kuziskani ni hesabu nyingine. Nikarudi na boksi langu kwapani. Basi vipande vikaendelea kurundikana gizani, ghorofa yako ikaendelea kupanda juani, na hakuna aliyejua vile vipande vimekwisha kuona nini.

Aliyenitoa kwenye shida hiyo ni mama mmoja mstaafu, tunamwita Mama Eksrei. Alikuja dukani ninakofanya kazi kutoa nakala za kitambulisho, akaliona boksi chini ya meza yangu, akaligonga kwa ukucha na kuuliza nani siku hizi bado ana filamu za vipande. Kumbe maisha yake yote alifanya kazi kwenye chumba cha giza cha hospitali, akisafisha kwa mkono picha za vifua na mifupa kabla kompyuta hazijaingia. Aliniambia filamu ya nyumba na filamu ya mbavu ni mtu na dada yake, zote huogeshwa maji yaleyale. Masharti yake yalikuwa mepesi: dawa ninunue mimi, na vipande nivilete vyote kwa mkupuo, kwa sababu dawa ikishachanganywa haimngoji mtu. Malipo yake yeye ni sukari na mazungumzo.

Tulifanyia bafuni kwake. Dirisha alilifunika kwa blanketi, chini ya mlango akasokomeza taulo, mabeseni akayapanga juu ya ubao. Giza lilikuwa la kugusika. Vidole vyake vilijua njia bila macho, na mdomo haukupumzika. Amenisimulia madaktari wote waliowahi kupendana na wauguzi wote. Kisha akawasha taa na kuvitundika vipande kwenye kamba ya nguo kwa vibanio. Nyumba yetu ikawa inaning'inia pale ikichuruzika maji, cheusi kimekuwa cheupe na cheupe kimekuwa cheusi, madirisha yote yanang'aa kama ndani kunaungua. Nilicheka, lakini sikuipenda picha ile.

Kuskani nilijifanyia mwenyewe. Dukani tuna skana ya zamani yenye taa kwenye kifuniko, bosi aliipata kwenye ofisi ya wachora ramani iliyofunga milango. Aliniruhusu kuitumia wakati wenzangu wameenda kula. Taa yake ni nyembamba, haienei kipande kizima, kwa hiyo kila picha niliiingiza nusu ya kushoto, halafu nusu ya kulia, kisha nikaziunga kwenye kompyuta. Kazi ya bure haikosi kilema, nikajiambia, bora hela imebaki mfukoni.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hilo ndilo lililonifumbua macho. Nilichanganya. Nilichukua nusu ya kushoto ya picha ya kwanza kabisa, kabla ghorofa haijaanza juu ya vyumba vya chini wanamolala kina mama, nikaiunga na nusu ya kulia ya picha ya mwisho. Barabara ikaungana sawasawa. Mtaro ukaungana, ukuta wa jirani ukaungana. Lakini mstari wa madirisha yetu ulikatika katikati, upande wa kulia ukakaa chini ya wenzake kama bega la mtu aliyebeba ndoo. Nilipogundua nimechanganya picha nilishusha pumzi. Halafu nikaitazama tena barabara. Kama kosa ni langu, mbona barabara imeungana? Kamera ilikuwa mahali palepale. Kilichohama ni nyumba.

Sikula siku ile. Nilizipanga picha zote, moja juu ya nyingine, toka ya mwanzo hadi ya mwisho. Kila ghorofa ilivyoongezeka, kona ya kulia ilishuka. Nikaikuza kona hiyo. Filamu kubwa haina siri, Kaka, ulisema kweli. Chini ya dirisha la mama kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele unaoelekea kwenye msingi. Kwenye picha iliyofuata ufa haupo, pamepigwa lipu mpya. Kwenye ya mwisho umerudi, na sasa si unywele tena.

Ndipo nikaanza kukumbuka mambo tuliyokuwa tunayachekea. Mlango wa mama ulipigwa randa, ukapigwa tena, na bado unagoma kufunga. Wifi aliweka karatasi ngumu chini ya mguu wa kabati ili lisimfungukie. Na ule mlio wa kukwaruza ukutani jua likiwa kali, ambao wifi alisema ni panya, akatega mtego, wala hakunasa hata mende. Nilimuuliza mshona viatu pale kona ya kulia palikuwa na nini zamani. Alijibu bila kuinua macho kwenye kiatu kwamba palikuwa na shimo la taka la mtaa mzima, likafukiwa kabla wewe hujanunua kiwanja. Alidhani tunajua.

Nilimpelekea fundi mkuu zile picha. Alicheka, akasema nyumba mpya lazima iketi, kama mtu aliyetoka safari. Akanikumbusha kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta, akachukua mwiko, akauziba mbele ya macho yangu. Kesho yake hakutokea. Vibarua waliniambia amehamisha ngazi zake na mbao zake, na kuhusu malipo yake yaliyobaki hakutamka neno. Fundi anayeondoka bila kudai chake, huyo si mwizi, Kaka. Huyo ameogopa.

Nikaenda kwa mhandisi wa manispaa. Alikuwa anakunywa chai. Alizitazama picha, akakisukuma kikombe pembeni, akasema atakuja kupima zamu yetu ikifika, ila kwa sasa mtu asilale humo. Nilimuuliza kama anamaanisha kona ile tu. Akasema, "Dada, nyumba haianguki kona."

Wifi hakubisha. Siku ileile alifunga mizigo, yeye na watoto wakahamia kwangu, tumepangana kama sahani. Usimlaumu kwa kutongoja ruhusa yako. Mimi ndiye niliyemshika mkono. Aliyekataa ni mama. Alisema hawezi kulikimbia jasho la mwanawe kwa ajili ya picha zilizooshwa bafuni. Alisema, "Nyumba ni ya mwanangu. Siku atakaponiambia mwenyewe toka, nitatoka."

Sasa nikuambie nilichofanya. Nilimdanganya. Nilimwambia barua yako imekuja na dereva, na ndani yake umeamuru atoke. Mama akachukua mkoba wake akanifuata. Usiku huo nililala kama mtoto. Asubuhi akaomba aione barua. Nikasema nimeisahau dukani. Jioni akaiomba tena, nikasema bosi ameifungia kwenye droo. Unajua anavyotabasamu akijua tumevunja kitu na anangoja tukiri wenyewe? Ndivyo alivyotabasamu. Akaniambia taratibu kwamba hati yako anaijua tangu ulipokuwa unaandika kwa mkaa ukutani, hivyo nisijisumbue kumletea hati nyingine.

Jana nilirudi barazani kwa mshona viatu nikapiga kipande kingine, kuituliza roho yangu. Mama Eksrei alikisafisha peke yake, hakutaka hata sukari. Alikiinua dirishani kikiwa bado kimelowa, kama alivyokuwa akiinua vifua vya watu, na yale mazungumzo yake yote yakakatika. Kisha akaniuliza kama kuna mtu anayelala humo. Nikamwambia hakuna, tumetoka wote. Akasema vizuri, akakitundika kwa kukigeuzia ukutani.

Nilipofika kwangu nikakuta kitanda cha mama kimetandikwa, na mkoba wake haupo.

Kaka, barua hii naiandika nikiwa nyumbani kwako, chumbani kwa mama, kona ya kulia. Yeye amekaa kitandani anashona kifungo cha shati la mwanao wa pili, ametulia kabisa. Ameshasema hagombani na mimi. Anayetaka atoke, amletee karatasi yenye hati yako. Kumkokota siwezi, ni mama yangu. Kumwacha peke yake pia siwezi, kwa hiyo nimekuja na blanketi langu. Mlango sasa haufungi hata kidogo, tumeuegemezea kiti. Nilipokuwa naandika aya ya juu, vipande vya lipu viliangukia karatasi nikavipangusa. Ukikuta mchanga ndani ya bahasha, usidhani ni wa njiani.

Nakuomba mistari miwili. Dereva akishusha mizigo usimwachie aondoke bila karatasi. Usiniandikie mimi, wala usinitulize. Mwandikie yeye, kama mwenye nyumba: Mama, toka. Weka tarehe ya wiki iliyopita, uongo wangu uwe kweli. Najua ninachokuomba. Miaka yako yote ya chini ya ardhi imo ndani ya kuta hizi, nawe hujalala humo hata usiku mmoja. Tutalia, Kaka, tutakusaidia kulia, lakini tukiwa nje.

Wifi anakusalimu sana, watoto wanakusalimu na wanauliza zawadi. Mshona viatu naye anakusalimu. Mama ameniuliza naandika nini, nimemwambia nakusalimia wewe. Amesema nikuandikie kwamba yeye hajambo, kwamba nyumba imependeza mno, na wewe ufanye kazi zako bila wasiwasi. Nimeandika kama alivyosema.

Dereva amepiga honi. Nampa kupitia dirishani, maana kiti sitaki kukisogeza.

Ni mimi mdogo wako, aliyekufuata ziwa.