Nguo Zilizotoka Tanurini

3 Februari

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na mkeo. Sisi huku wazima. Baba yako anakusalimu; goti bado linamsumbua lakini mdomo mzima, anagombana na redio kutwa. Dada yako fundi cherehani anakusalimu, na mapacha wake wanakusalimu. Wameng'oka meno ya mbele wote wawili wiki moja, wakitaka kusema "mjomba" wanatoa upepo tu. Jirani yetu Mama Tangazo anakusalimu. Nilimwambia asiongeze la kwake, akasema niandike kwamba umekonda. Hajakuona miaka miwili, lakini ameshajua. Mimi nami mzima, ila roho haitulii.

Haitulii kwa sababu barua yako ya mwisho ilikuja na alama ya kidole gumba. Ya njano, njano kali ya kiini cha yai. Nimeisugua kwa sabuni mpaka karatasi ikatoboka, njano ikabaki pembeni ya tundu. Sasa nauliza, hicho kitu ni nini? Unasema unapika rangi. Mimi nimepika miaka arobaini, sijaona mpishi anayetuma kidole chake kwa posta.

Usinijibu kwa simu. Kwenye simu unasema "salama, Mama," kisha inakatika. Karatasi haikatiki.

Mkeo mwambie nimefurahi kusikia nguo zako za kazi anazifua mwenyewe, kama nilivyomwambia siku ya harusi. Nguo za mume hazifuliwi na watu baki.

Mama yako


22 Februari

Mama, shikamoo.

Shikamoo nyingine mpe Baba, na goti lake. Sisi hatujambo. Mke wangu ndiye mgongo unamuuma, anasema ni ndoo za maji.

Umeuliza rangi ni nini, basi nikueleze. Kuna madini yanaitwa kadimiamu, meupe, laini, ndugu wa zinki. Tunayayeyusha kwenye asidi mpaka yanapotea, unaona maji matupu. Kisha tunamimina maji mengine yenye salfa, na papo hapo njano inazuka ndani ya pipa kama mtu amewasha taa. Tunaichuja, tunaiosha, tunaikausha. Lakini bado ni mbichi. Lazima iingie tanurini, joto la digrii mia sita, na hewa isipenye. Ikipenya rangi inaharibika na moshi wake ni sumu. Ukiichanganya na unga kidogo wa seleni, madini mengine, inakuwa ya machungwa. Ukiongeza, nyekundu. Ukizidisha, damu iliyokauka. Mwisho tunaisaga, inakwenda kwenye plastiki na vigae.

Kazi yangu ni kuchota kidogo kutoka tanurini na kusema "tayari". Rangi ikiwa ya moto ni mwongo, Mama: njano inaonekana nyekundu, nyekundu inaonekana nyeusi. Wenzangu husubiri ipoe. Mimi naijua ingali ya moto, ndiyo maana wananiita Jicho.

Usiwe na wasiwasi. Vumbi lake likiingia mwilini hukaa kwenye figo, halitoki upesi, kwa hiyo tunavaa barakoa, na kila miezi mitatu nesi wa kiwanda anapima mkojo. Hata ovaroli walitaka tuziache palepale zifuliwe na mashine yao, nikawaambia mimi nina mke. Yeye huzikung'uta uani kwanza, linatoka wingu la njano, ndipo afue. Majirani wanasema ana jua lake peke yake.

Mwanao


12 Machi

Mwanangu,

Hatujambo sote, na salamu ni zilezile, isipokuwa Mama Tangazo ambaye amenuna, nitakueleza siku nyingine.

Barua yako dada yako amenisomea mara mbili, mara ya tatu nimejisomea mwenyewe, kidole kwenye mstari. Nimeelewa rangi. Lakini mkeo naye ameniandikia. Anasema, tena kwa kicheko, kwamba asubuhi moja ulimpa kichupa ukamwambia akijaze, eti kiwanda kinapima na wake za wafanyakazi. Akajaza. Baadaye akauliza wanawake wenzake pale bombani, hakuna hata mmoja aliyeombwa.

Mwanangu, nimekuzaa, nimekufuta kamasi. Mkojo wa mkeo umekwenda kiwandani kufanya nini? Umeajiriwa wewe au ameajiriwa yeye?

Nijibu. Usinizungushe.

Mama yako


2 Mei

Mama, shikamoo.

Nisamehe kwa kimya. Wasalimu wote, leo sitawataja mmoja mmoja.

Ulikisia. Kipimo changu cha Desemba kilikaribia kikomo. Ukipita kikomo wanakutoa tanurini, na hujui utarudi lini. Miaka sita nimejifunza ile kazi, Mama, sina nyingine ninayoijua. Nikafanya wanavyofanya baadhi yetu, nikapeleka chupa ya mtu asiyekanyaga kiwandani. Nikaandika jina langu.

Majibu yalipotoka nesi aliniita akafunga mlango. Akasema, "Jicho, kaa. Hii imepita kikomo mara mbili. Figo zako zimeanza kuvuja."

Nusura nicheke. Kisha nikakumbuka chupa ni ya nani.

Siku ileile wakaniondoa. Sasa niko getini, nafungulia malori. Kila anayepita ananipa pole, kunywa maji, Jicho, pumzika. Nikifika nyumbani yeye naye ananiambia pumzika, huku ameshika kiuno akipakua chakula.

Sijamwambia. Nikisema kweli nitafukuzwa kwa udanganyifu, na nyumba hii ni ya kiwanda. Ovaroli nimeanza kuziacha kazini, nimemwambia ni sheria mpya. Nipe muda nitafute njia. Nakuomba sana, usimwandikie.

Mwanao


13 Mei

Mwanangu,

Leo salamu ni moja tu, tuko hai.

Barua yako nimeisoma mara moja tu, imetosha. Baba yako amezima redio, ujue.

Lile wingu amelivuta kwa sababu yangu. Mimi ndiye niliyemwambia nguo za mume hazifuliwi na watu baki, mbele ya shangazi zake wote, nikijiona nimesema neno. Lakini mimi sikujua. Wewe uliambiwa.

Wanakuuguza wewe ugonjwa wa mwenzio. Hizo pole unazopewa si zako, zirudishe. Nenda kwa nesi ukaseme chupa ilikuwa ya nani. Wakikufukuza, njooni hapa. Chumba cha mbele kipo, mapacha watalala kwetu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe unaficha hata yasiyo yako!

Nakupa wiki mbili. Zikipita bila barua, namwandikia mwenyewe.

Mama yako


4 Juni

Mkwe wangu, mwanangu,

Baba mkwe wako anakusalimu. Mapacha wanakusalimu. Mama Tangazo anakusalimu, na hajui lolote, nakuapia. Anayekupa barua hii ni wifi yako. Nimemtuma aje nayo mkononi kwa sababu simu anaishika mumeo, na posta siiamini kwa jambo hili. Mwambie akuwekee kiti.

Ile chupa uliyojaza haikuwa ya kupima wake za wafanyakazi. Mumeo aliipeleka kwa jina lake ili asitolewe tanurini. Ugonjwa waliousoma humo ni wako. Ni vumbi la zile nguo, limekaa kwenye figo. Huo mgongo huenda si ndoo.

Nilimpa wiki mbili akuambie. Leo ni ya tatu, na hata mstari mmoja hajaniletea. Si mtu mbaya. Ameogopa, na kwetu sisi mwoga hunyamaza, hata baba yake ndivyo alivyo. Lakini woga wake usikumalize wewe.

Kosa la kwanza ni langu. Ulikuwa bibi harusi, ungeweza kunijibu nini? Ungenijibu ungeitwa huna adabu. Nisamehe, na kama bado huwezi, nisamehe baadaye, nitangoja.

Usilie sana. Usimtupie sufuria, au mtupie, lakini ukisharudi kutoka hospitali. Nenda kesho, hospitali kubwa, si kwa nesi wa kiwanda. Useme, nimefua nguo za kiwanda cha rangi miaka mitatu, nimevuta vumbi la kadimiamu. Neno hilo nimekunakilia kwenye kikaratasi, herufi kwa herufi. Mwonyeshe daktari, asikuambie ni uchovu. Wakikupa chupa, jina liandike wewe mwenyewe na uipeleke wewe mwenyewe mpaka dirishani.

Wifi yako atakaa nawe siku zote utakazotaka. Ukiona bora uje naye huku, njoo, funguo ziko kwa baba mkwe wako na ameshapiga deki.

Jibu usingoje mpaka wifi yako arudi huku. Mpe dereva wa basi la kesho asubuhi, nitakuwa stendi tangu saa sita. Kama maneno hayatoki, andika jina lako tu, nijue umeisoma.

Mama yako