Sifuri ya Mwalimu Rula

4 Juni

Mdogo wangu Sindano,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Hujambo? Na huo mkono unaokufa ganzi kwa kukata vitambaa, unaendeleaje? Huku sote wazima. Magoti yangu yanalia kama bawaba za mlango wa stoo, ila wodini yananifikisha, na kilo zangu zote zipo, hakuna hata moja iliyopotea.

Sasa keti. Kama una pini mdomoni, zitoe kwanza.

Juzi nimeingia zamu ya asubuhi, nikapewa ripoti: kitanda cha dirishani, mzee, moyo umechoka, miguu imevimba. Nikaenda kumpima mapigo. Kabla sijamaliza akanikosoa. "Muuguzi, mapigo huhesabiwa dakika nzima. Usihesabu nusu ukazidisha."

Sauti ile ile. Mwalimu Rula! Amekonda, na rula yenyewe hana, lakini kidole bado anakinyoosha vile vile. Hakunitambua. Simlaumu, aliponifundisha chuoni nilikuwa na kiuno.

Na unajua anapewa dawa gani? Ile ya moyo. Ile ya yule mtoto.

Nimeona nikuambie mimi kabla hujasikia kwa mwingine.

Dada yako,
Bonge


8 Juni

Dada Bonge,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili. Barua yako imenifanya nikate mkono mmoja wa gauni la bibi harusi mfupi kuliko mwenzake, kwa hiyo hasara ya kwanza tayari ameshanitia.

Usiniambie amekonda. Karatasi ya hesabu ya dozi aliandika yeye, kwa mkono wake: nukta, tano. Sifuri mbele hakuweka. Nukta ikaangukia kwenye mstari wa karatasi, ikamezwa. Mimi mwanafunzi nikaona tano, nikavuta mililita tano badala ya nusu, nikampa mtoto wa watu mara kumi ya dozi yake. Walimwokoa, namshukuru Mungu hadi leo. Mbele ya kamati ya chuo, Rula akasema nukta ilikuwapo, na msichana asiyeona nukta akashone nguo.

Nikashona. Bado nashona.

Sasa yuko mikononi mwako, na kila siku unampimia dawa ile ile. Mpe mara kumi. Siku moja tu, aone ilivyo. Sitanii, dada. Na kama huwezi, basi usiniandikie tena habari zake.

Mdogo wako,
Sindano


15 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole na bibi harusi. Mwambie ndiyo mtindo wa sasa.

Mara kumi sitampa. Kwanza, hapa kwetu dawa ile hupigiwa hesabu na wauguzi wawili. Kila mmoja na karatasi yake, tumegeuziana migongo kama mke na mume walionuniana, ndipo tulinganishe majibu. Mwenzangu ni yule mrefu tunayemwita Mnara, na Mnara hata chumvi anaipima. Pili, akifa, nani atakuomba radhi? Mimi namtaka mzima.

Kwa hiyo nilimtega kwa njia yangu.

Alhamisi huja wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Wiki nzima mzee analalamika kwamba vijana wa leo hawajui hesabu. Nikamwendea na sauti ya asali. "Mwalimu, hawa watoto hesabu za dozi zinawashinda. Hungewasaidia kidogo?" Laiti ungemwona alivyoketi kitako! Akaomba kitana.

Ubao mweupe nikamshikia mwenyewe. "Watolee mfano wa dozi uliyoanzishiwa wewe hapa," nikamnong'oneza. Akaandika, na wala sikumsaidia, nakuapia. Tabia haijamtoka: nukta, tano. Sifuri hakuna. Nukta yenyewe kama kinyesi cha inzi. Wanafunzi wamejipanga miguuni pa kitanda. Nikainua pakiti ya dawa wasome kilichochapwa: kidonge kimoja, miligramu 0.25.

"Haya," akasema, "mgonjwa huyu apewe vidonge vingapi?"

Wakainama, wakaandika, wakainuka.

"Ishirini!"

Akacheka. "Ishirini? Mnataka kuniua?"

"Mwalimu, tano gawanya kwa sifuri nukta mbili tano ni ishirini," akasema binti aliyekuwa mbele.

"Tano mmeitoa wapi? Kuna nukta hapo! Hamna macho?"

"Tungejuaje, mwalimu? Sifuri haipo."

Mimi nikaingilia, taratibu kabisa. "Binti huyu haoni nukta, mwalimu. Tumfukuze?"

Akanigeukia. Akanitazama mpaka akaupata uso wangu wa zamani chini ya haya mashavu. "Wewe ni dada wa..."

"Wa huyo huyo."

Akageukia ukutani. Nikamshika mkono nikamhesabia mapigo, dakika nzima, kama alivyotufundisha. Kesho yake asubuhi nikampa dozi yake, mimi na Mnara tumelinganisha, sahihi kabisa. Chakula cha mchana siku hiyo nilikula cha watu wawili, kwa furaha. Sawa, huwa nakula cha wawili, lakini siku hiyo nilikuwa na sababu.

Dada yako,
Bonge


19 Juni

Dada,

Shikamoo. Nimecheka, kisha nikakasirika upya.

Kugeukia ukuta si kuomba radhi. Mimi nililia mbele ya kamati nzima, yeye ameona haya mbele ya watoto wachache basi tumemalizana? Nataka atamke. Kwa kinywa chake, wakiwa wamesimama wale wale.

Pokea kifurushi. Ni shati la kulalia. Kifuani nimetarizi kwa uzi mwekundu 0.5, na sifuri ni kubwa kama kisosi, asije akasema hakuiona. Litundike pale macho yake yanapoangukia. Vipimo sikuhitaji kuuliza, shingo ile niliitazama sana enzi zile. Nikaipata sawasawa, halafu nikapunguza kola sentimita moja.

Mdogo wako,
Sindano


26 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba. Natumai hujambo, na kama una pini mdomoni, zitoe tena.

Shati nililitundika kwenye chuma cha miguuni pa kitanda. Hakuuliza limetoka wapi. Akalala chali analitazama, akalala ubavu analitazama. Mnara akataka kulitoa, eti linampandisha mzee mapigo. Nikamwambia mapigo nayahesabu mimi.

Jana, wanafunzi wakiwa koridoni wanakuja, akaninyooshea mkono. "Nipe." Nikamvalisha. Vifungo akafunga mwenyewe mpaka cha juu.

Yule binti wa mbele hana breki. "Sifuri nukta tano! Nani kakushonea, mwalimu?"

"Mwanafunzi wangu," akasema. Akapumzika kidogo, pumzi hana nyingi. "Alisoma nilichoandika. Sifuri sikuiweka mimi. Mtoto akanusurika kufa, nami nikamfukuza huyu msichana ili nibaki mimi. Andikeni hivyo hivyo."

Wakaandika, Sindano. Wote. Hata Mnara aliweka sinia chini.

Walipoondoka akaniuliza kama utamsamehe. Nikamwambia mimi napima dawa tu, hayo mengine hayako kwenye zamu yangu. Kisha akaingiza kidole shingoni, akakizungusha.

"Muuguzi, hii kola inabana. Mshonaji amekosea vipimo."

"Hapana, mwalimu," nikamjibu. "Hiyo imepigiwa hesabu."

Dada yako,
Bonge