Jina Alilolitaja Baba

Kwako Kaka yangu,

Barua hii ikukute umesimama imara kwa miguu yako, na shemeji na watoto wote wakiwa na nguvu za kukuchosha. Kile kifua cha mdogo wao kimepona? Uliposema anakohoa hadi anakosa pumzi nilikosa raha kabisa, nikamwambia Baba, naye akasema wewe pia ulikuwa hivyohivyo na sasa una kitambi. Kwa hiyo nikatulia kidogo.

Sisi huku ni wazima wa mwili. Vichwa ndivyo sijui nikuelezeje. Baba anakula vizuri. Macho yake yako palepale ulipoyaacha: anaona mwanga na kivuli, anajua mtu amesimama mlangoni, ila hajui ni nani mpaka mtu huyo aseme. Shemeji yako, mume wangu, anachomelea mageti yake siku umeme ukiwepo, na mimi bado niko na cherehani yangu barazani, pembeni ya Kinyozi. Nimeona niandike badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye nyumba hii hakuna neno la simu lisilosikika chumba cha pili.

Kaka, uliondoka kabla uchaguzi haujashika moto, kwa hiyo hukuona jinsi watu wazima walivyogeuka watoto. Unawajua wagombea wakubwa wawili. Kuna huyu aliyepo madarakani, ambaye huku hakuna anayemtaja kwa jina, wote wanamwita Kofia, maana hata kwenye picha za ukutani hajawahi kuivua. Na kuna mwenzake, Injinia, anayeahidi kwamba umeme hautakatika tena hata mvua inyeshe mawe. Kwa Kinyozi hapo hakukunyolewa kichwa bila mmoja wao kutukanwa. Siku moja mwalimu wa hesabu alikuwa kitini, upande mmoja wa kichwa umeshanyolewa, Kinyozi akasema Injinia ni debe tupu. Mwalimu alinyanyuka na shuka la kinyozi shingoni, akasema hawezi kuguswa na mkono wa mtu wa Kofia, akaenda zake na nywele nusu. Kesho yake ilibidi avae kofia kwenda shule, na mtaa mzima ukasema amehamia upande wa pili.

Tulicheka, lakini kwetu ndani hakukuwa na kicheko. Baba, kama unavyomjua, ni mtu wa Kofia damu na nyama. Anasema alipokuwa akiendesha greda idara ya barabara, Kofia akiwa bado waziri mdogo, alikuja kwenye kambi yao katikati ya vumbi, akashuka garini, akamshika Baba mkono uliojaa grisi bila kujifuta. Habari ya mkono huo nimeisikia tangu nikiwa sijaota meno ya mbele. Shemeji yako naye ni Injinia mpaka kwenye fulana. Huwezi kumlaumu sana. Mara ngapi ameanza kuunga geti, mwenye geti amesimama hapo anangoja, umeme ukapotea, na yeye akabaki na chuma kinachopoa mkononi. Akawa anaingia ndani na hasira zote anazimwaga mezani, na Baba anazipokea kwa mikono miwili.

Walianza kwa utani. Baba alimwita mkwe wake fundi wa giza, naye akamwita Baba mlinzi wa vumbi. Kisha utani ukaisha, sijui siku gani, nilisikia tu kwamba hakuna anayecheka tena. Shemeji yako akasema mezani kwamba wazee wanachagua watu wa kuwazika, vijana ndio watakaobaki na shimo. Baba aliweka kijiko chini. Akauliza kama yeye ndiye anayezikwa. Mimi nikaanza kuondoa sahani ambazo bado zilikuwa na chakula.

Unakumbuka vile vyuma vya kujishikia nilivyokuambia, ambavyo shemeji yako alivitengeneza kutoka chumbani kwa Baba hadi chooni? Alivichomelea mwenyewe bila kuombwa, akavisugua visimkwaruze mzee mkono. Baada ya maneno yale ya mezani Baba akakataa kuvishika. Alisema haongozwi na chuma cha watu wa Injinia. Akawa anapita ukuta wa upande wa pili, anapapasa, na siku ya tatu akajigonga kwenye stuli yangu ya cherehani, mguu ukachubuka vibaya. Shemeji yako ndiye aliyemnyanyua na kumfunga kitambaa. Nilisimama pale na chupa ya dawa nikiwa sijui nimhurumie nani.

Na mimi, utaniuliza, nilikuwa wa nani? Kaka, hapo ndipo ninapoona aibu. Sikuwa na mtu. Asubuhi nikimwekea Baba matone ya macho, ananieleza habari za barabara na zahanati, naona kweli, Kofia ana haki yake. Mchana umeme unakatika nikiwa katikati ya mshono, pasi inapoa, nasema huyu mtu na aende. Jioni mteja mmoja ananiambia wote wawili ni walewale, naona huyo ndiye mwenye akili kuliko wote. Aliyesema mwisho ndiye aliyenibeba.

Sasa Baba hawezi kupiga kura peke yake. Sheria inamruhusu mtu asiyeona achague wa kumsaidia, aingie naye kwenye kijumba, amwekee alama anapotaka. Baba akanichagua mimi. Alilitangaza hilo barazani kwa sauti, Kinyozi na wateja wake wote wasikie, kwamba binti yake ndiye mkono wake.

Siku mbili kabla ya uchaguzi nilikuwa jikoni nakata vitunguu. Shemeji yako akaingia, akasimama karibu yangu kama mtu anayetafuta chumvi. Akasema kwa sauti ya chini, “Utakuwa na karatasi mbili mkononi siku hiyo.” Nikamwambia moja ni ya Baba. Akasema anajua, ila Baba haoni, na hatajua kamwe, na yeye atafurahi vilevile akiamini amempigia Kofia. Akasema hataki kumdhulumu mzee, anamtafutia mwanga, hata kama mzee mwenyewe hautaki. Alisema maneno mengi, Kaka, na mengine yalikuwa mazuri. Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Niliendelea kukata vitunguu hata baada ya kutosha, na machozi yalikuwa yananitoka, na mpaka leo sijui kama yalikuwa ya vitunguu.

Siku yenyewe tulitoka mapema. Baba alivaa suti yake ile ya kijivu, akanishika bega, mguu bado unamuuma. Foleni ilizunguka uwanja wote wa shule. Watu walimpisha kwa ajili ya macho yake, naye njia nzima anawasalimu kwa kumsifu Kofia hadi askari akamwomba anyamaze, kwamba kampeni zimekwisha. Tulipokuwa mlangoni nilikuwa nimeamua kuweka anapotaka Baba. Hatua chache mbele nikawaza mageti yasiyokwisha, nikaamua vingine. Nilipokula kiapo mbele ya msimamizi wa kituo kwamba nitafuata matakwa ya mzee na sitaitoa siri yake, nilisikia sauti yangu kama ya mtu mwingine anayesoma habari redioni.

Tukaingia kwenye kijumba. Karatasi ipo mbele yangu, kalamu ninayo mkononi. Baba akaniinamia sikioni. Akasema, “Mwekee Injinia.”

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamuuliza, Baba, unasema nani? Msimamizi akakohoa kutuonya. Baba akarudia, polepole, kama unavyomwambia mtoto jina la mtaa asipotee: “Injinia. Weka, tutoke.”

Nikaweka. Nikaikunja, nikamshika mkono, akaitumbukiza sandukuni mwenyewe. Kisha ikaja zamu yangu, nikapewa karatasi yangu, na nilikuwa nimechanganyikiwa kiasi kwamba picha zote ziliniangalia sawasawa. Nikamwona yule mama mwenye miwani, mgombea wa tatu, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumgombania wala kumtukana kwa Kinyozi. Nikampa yeye. Usinicheke. Nilipoona matokeo yamebandikwa kwenye ukuta wa kituo alikuwa na kura nne, na tangu hapo kila ninayempita njiani najiuliza kama ni mmoja wa wale watatu.

Nje ya mlango Baba akaanza tena, Kofia hivi, Kofia vile, na kidole chake cha wino juu. Niliona labda ni uzee, labda amechanganya majina. Nyumbani shemeji yako akanivuta pembeni, akauliza, “Ulifanya?” Nikamwambia nimekula kiapo. Akatabasamu, akajua nimefanya. Lakini Kaka, tabasamu lenyewe halikudumu hata nusu saa. Jioni ile alimletea Baba mkate laini, ule anaoupenda, akaukata mwenyewe vipande vidogo. Kesho yake akampeleka zahanati kuonyesha ule mguu. Akawa anamwitikia “ndiyo, Baba” kwa kila jambo, hata Baba akisema mambo ya hovyo, na hamtazami usoni, yeye mwenye macho.

Matokeo yakatangazwa. Kofia ameshinda, tena kwa mbali. Kura ya Baba, yangu, ya shemeji yako, zote hazikusogeza kitu. Kwa Kinyozi walipiga ngoma kwa masufuria. Mimi nilijiandaa kwa maneno ya Baba, nikajua mkwe wake hatapata pa kujificha. Baba alizima tu redio akaomba chai.

Nilishindwa kuvumilia. Asubuhi iliyofuata shemeji yako akiwa kazini, nikimwekea matone, kichwa chake amekiegemeza kwenye kiti, nikamuuliza kwa nini alilitaja jina lile. Alingoja tone la pili litulie. Kisha akaniambia kwamba siku ile ya vitunguu umeme ulikuwa umekatika, redio yake ikanyamaza, na akasikia jikoni kila kitu. Alimsikia mkwe wake. Akangoja kunisikia mimi nikikataa.

“Sikukusikia,” akasema.

Hakulisema kwa hasira. Akaeleza kwamba alilala juu ya jambo hilo. Aliona nikiweka kwa Kofia nitagombana na mume wangu. Nikiweka kwa Injinia nitakuwa nimemdanganya yeye, na nitakuja kumwekea dawa ya macho kila siku nikilijua hilo. Kwa hiyo akaamua kulitaja jina lenyewe, ili nitakapoweka alama, palepale mume wangu aliponitaka niiweke, niwe nimemtii baba yangu. Alisema Kofia angeshinda au angeshindwa bila yeye. Kisha akaniomba nimfute chozi la dawa, linamwasha.

Nililia, Kaka. Lakini sikukuandikia kwa sababu ya kulia. Kuna jambo moja sijamwambia Baba, wala mume wangu, na ndilo linaloninyima usingizi. Pale kwenye kijumba, Baba aliponitajia jina la Injinia, kabla sijashangaa, kabla sijauliza, kitu cha kwanza nilichokisikia kifuani kilikuwa nafuu. Nilishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Sasa najiuliza ile nafuu ilikuwa ya nini. Nilikuwa na nafuu kwa kuwa sitamdanganya Baba? Au kwa kuwa nilikuwa nimeshaamua kumdanganya, naye akanitoa? Najipekua, nakuta mara hili, mara lile. Baba hakuniuliza kama ningefanya. Nadhani aliogopa, au alinionea huruma. Kama angeuliza nisingekuwa na jibu, na sina hata ninapokuandikia.

Na kuna mume wangu. Yeye anaamini nilimdanganya baba yangu kwa ajili yake, na jambo hilo limemgeuza mtu mpole ndani ya nyumba. Nilimwambia Baba nitamweleza ukweli, Baba akakataa, akasema mwache kwanza, mguu haujapona na mkate bado unakuja. Alicheka aliposema hivyo. Ila juzi nilimkuta shemeji yako amekaa barazani peke yake, fulana ya Injinia ameifanya tambara la kufutia mikono, akaniuliza kama mzee akijua atatusamehe. Nilikaribia kumwambia. Nikainamia cherehani. Wewe unamjua Baba kuliko mimi, na ni mwanamume. Niambie nifanye nini. Niambie pia kama na wewe uliwahi kusimama mahali usijijue.

Mwambie shemeji nguo za watoto nitazituma nikipata mtu wa kuja huko, nitumie tu urefu wao. Kinyozi na mwalimu wa hesabu wamepatana, sasa wanagombana kuhusu ubunge. Baba amerudi kushika vile vyuma.

Yuko hapa karibu yangu, anaota jua. Ameuliza namwandikia nani kwa muda wote huu, nimemwambia ni wewe. Anasema nikusalimie sana, na nikuambie kwamba alimpigia kura Kofia, na alijua tangu mwanzo kwamba atashinda.

Nimeandika kama alivyosema.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba