Darasa Linabungua Bongo, Mimi Niko Nje Dirishani

Mpendwa mshauri Bi Asia, naomba msaada, ila kwanza futa yote uliyosikia, maana habari hii kila mtu pale sokoni Mwanga anaisimulia kombo, wauza vitenge wanasema nimefukuzwa kisomo kwa uzee, mafundi cherehani wanasema nimeshindwa herufi, waongo wote, mimi Saad wa Ujiji herufi ndizo zinaniamkia shikamoo, na barua hii naiandika kwa mkono wangu, ukiona mstari umepanda mlima jua ni meza.

Ni hivi. Tuna kisomo cha watu wazima Rusimbi, baada ya alasiri, sisi wa hapa na ndugu zetu waliokimbia vita Burundi, na mwalimu wetu Inamahoro ni wa huko huko, alikuwa anafundisha kwao kabla hajavuka. Huyu mama hana fimbo wala hatuimbishi a-e-i-o-u, ana kitu anakiita bungua bongo, anatoa swali moja, kila mtu anasema linalomjia kichwani, yeye anaandika ubaoni kama lilivyo, hakuna kumwambia mtu umekosea, kuchambua ni mwisho, halafu maneno yetu yale yale ndiyo tunajifunza kuyasoma. Nikasema hii kazi nimezaliwa nayo.

Siku ya kwanza swali likawa mvua, dagaa wanaozea mchangani Kibirizi, tufanye nini. Mdomo wangu ukatangulia, nikasema babu yangu alikuwa anawaimbia dagaa mpaka wanakauka kwa aibu. Watu wakashika mbavu. Mwalimu akaandika, akauliza nani mwingine. Wote wakanitazama mimi. Akamgeukia Spesiosa, mama wa Kirundi anayeanika dagaa kila siku ya Mungu, naye akainamisha kichwa, "Ego, ndiyo, Mzee ameshasema." Nikodemu fundi baiskeli naye, "Mimi nipo hapo hapo kwa Mzee." Watu kumi na tisa, ubao mstari mmoja, na darasa zima likajifunza kusoma "kuwaimbia dagaa."

Wiki tatu ikawa hivyo, swali lolote mimi nafungua wao wanaitikia, nikajiona mfalme. Mwisho mwalimu akaniita pembeni.

"Mzee wangu, kuanzia kesho nakuomba useme wa mwisho."

"Wa mwisho kama mkia?"

"Wa mwisho, Mzee."

Bi Asia, mtu wa umri wangu, niliyevua mgebuka mrefu kuliko mlango wa msikiti, nikae nisubiri watoto wa juzi? Nikachukua daftari langu nikatoka.

Sasa linaloniuma. Juzi juzi nilikuwa napita tu zangu, nikasikia dirishani swali la dagaa limerudi, na wanasema, wote, huyu anasema turubai, yule anasema tuwakaange, Nikodemu anasema tukaazime jua Tabora, na hakuna aliyemcheka isipokuwa mimi huku nje. Halafu Spesiosa, kwa sauti nyembamba, "Kichanja cha matete, tukinyanyue, chini tuweke moshi." Wakachambua, wakaenda kukijenga Kibirizi, na dagaa wamekauka na mvua inanyesha, nimewaonja, watamu. Nimefurahi mpaka machozi, na nina wivu mpaka chakula hakishuki. Nataka kurudi. Ila nikikaa kimya mbele yao, si nitakuwa nimevuliwa uzee wangu?

Na hilo la kupita tu nimelitunga. Nina ndoo pale chini ya dirisha, naigeuza nakaa, leo siku ya nne.

Saad, Ujiji

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo Mzee Saad. Nimecheka mpaka chai imenipalia. Sasa ngoja nikuseme.

Ubao ulikuwa wa watu kumi na tisa, ukaupanda peke yako. Wenzio hawakukosa akili. Spesiosa kalelewa asimpinge mzee wa watu, tena yeye mgeni kwenye mji wako, atasema nini tena wewe ukishasema? Hata mzaliwa wa Ujiji angenyamaza. Na utani wako ulivyo mtamu, ndiyo kabisa, nani atataka kusema la maana baada ya hapo?

Lakini uzee nani kakuvua? Umekaa vikao vya posa na vya msiba maisha yako yote. Nani anaanza kusema pale? Wadogo. Mkubwa anasikiliza, halafu anafunga. Kwa Warundi ni hivyo hivyo, muulize mwalimu wako habari za bashingantahe wao, wazee wanaoamua kesi, kama kuna siku walitangulia kusema. Umepewa kiti cha mkubwa, baba yangu, ukakikimbia na daftari kwapani.

Kesho ingia kwa mlango. Muombe radhi mwalimu kwa maneno machache, na najua machache kwako ni mtihani, basi yaandike. Zamu yako ikifika, kwanza taja jibu la mwenzio lililokupendeza na useme ni la nani, ndipo utoe lako. Babu na nyimbo zake wasubiri darasa liishe, watu watabaki kukusikiliza, usiwe na hofu.

Na swali likitolewa watakugeukia wewe kwanza, wameshazoea. Usitoe jibu lolote. Mnyooshee mkono Spesiosa, umwambie, "Anza wewe, mama." Halafu unyamaze.