Vibuyu vya Wifi Gati

Jumatano usiku, Juni 1975

Mpaka sasa roho inaniuma. Leo padri alileta mafuta ya zeituni ya kupaka wagonjwa, akatuuliza akina mama tuyaweke kwenye nini. Chupa zinavunjika, vibuyu tunalima wenyewe. Tukakubaliana vibuyu.

Changu alikinusa, akacheka. “Mama Chacha, hiki kinanuka moshi na maziwa!” Akachukua vipya vya wifi yangu Gati. Wote wakampigia Gati makofi.

Na mbegu nilimpa mimi! Nilizifunga kwenye kanga tulipohamishiwa kijiji hiki cha ujamaa, mtoto mgongoni. Gati alitabasamu tu, hakusema zilitoka kwangu.

Jioni akaja. “Wifi, mbegu zimebaki?”

“Zipo. Jumapili uje uniombe kanisani, watu wakisikia.”

Alicheka. Mimi sikucheka.