Dirisha la Paa Ulilolifunga

Mpendwa binti yangu Kerubo, wewe uliyebeba jina la mama yangu,

Nakuandikia nikiwa ndani ya gari, kwenye kile kiti cha nyuma kilicholowa. Kimekauka. Mvua ya saa tisa imeanza dakika arobaini zilizopita na sijapata hata tone moja shingoni. Dirisha la paa limepona. Nimetaka ujue kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu wewe ndiye uliyehukumiwa kwa ajili yake.

Unakumbuka siku nilipolileta gari hili kutoka Mombasa? Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Watu wa Marani walizoea kuniona kwenye pikapu ya mabati na saruji, wakaniuliza mwenye duka la vifaa vya ujenzi anataka nini na gari lenye tundu utosini. Mama yako aliuliza hivyo hivyo. Wewe hukuuliza kitu. Ulibonyeza kitufe, kioo kikarudi nyuma, ukapanda juu ya kiti ukatoa kichwa nje. Tukaenda hivyo mpaka Mosocho, mwendo wa konokono, wewe ukipungia watu kama anayeomba kura, mama yako amekushika magoti kwa mikono miwili.

"Ingia ndani, utanyolewa na matawi!"

"Mama, wananirudishia!"

Nilihesabu. Watu sitini na wanne walikupungia, na ukanilazimisha nimhesabu punda mmoja kwa sababu alitikisa sikio. Mimi niliyeanza na mkokoteni wa ndizi, siku ile nilijiona mtu aliyekwisha kufika. Sijajiona hivyo tena.

Sasa tuje kwenye lile jambo. Mwaka juzi, mwezi wa nne, mama yako alikuwa na miezi mitano kaburini. Ulikuja kutoka kwako Magwagwa, ukachukua albamu yake ukaipeleka mjini Kisii kwa gari hili, zile picha zinakiliwe. Mwenye studio alikuwa amefunga, ukarudi nayo. Ilikuwa Ijumaa, jua linazama, Sabato inaingia. Kwetu saa hiyo hatushushi mizigo. Ukaegesha chini ya ule mti wa mjakaranda uani, ukaingia tukaimba, na albamu ikabaki kwenye kiti. Mvua ikanyesha mpaka asubuhi. Jumapili nilipofungua mlango wa gari, albamu ilikuwa imevimba kama mkate uliotumbukia kwenye chai.

"Uliacha dirisha wazi."

"Tata, nilifunga."

"Kama ulifunga, maji yalipita wapi?"

"Sijui yalikopita. Ninachojua nilifunga."

Ndipo nikasema lile neno. Nitaliandika, maana nililitamka kwa mdomo wangu mwenyewe: "Umemzika mama yako mara ya pili." Ulikuwa unapangusa picha moja kwa pindo la leso yako. Uliiweka chini polepole, ukachukua mkoba, ukasimamisha pikipiki langoni. Hukugeuka.

Nawe ulinikosea, sitaficha. Habari kwamba umejifungua aliniletea shangazi yako, dukani, mbele ya wateja. Kwamba ni msichana, na umempa jina la mama yako, Kwamboka. Nilikuwa nampimia mtu kilo moja ya misumari, nikampimia mbili. Mtoto aliyebeba jina la mke wangu amezaliwa, na mimi nasikia kwenye kaunta! Nilikaa na hasira hiyo kama mtu anayekaa na jino bovu. Lakini hasira yangu ni ndogo mbele ya kosa langu, na ngoja nikueleze kwa nini.

Wiki moja baada ya wewe kuondoka, nilitoa mirija mitatu ya gundi ya silikoni dukani, ile ninayowauzia mafundi wa vioo, nikaziba dirisha lile pande zote nne. Nikasema, sasa tuone nani ataliacha wazi. Siku ya kumi na mbili mvua ilinyesha. Asubuhi nikakuta dimbwi palepale, kwenye kiti kilekile.

Nilisimama mlangoni nikaliangalia. Dirisha lilikuwa limegandishwa, mimi mwenyewe nisingelifungua hata kwa nyundo, na maji yalikuwa ndani. Mimi ni mtu wa hesabu, Kerubo. Hiyo haikuhitaji karatasi. Siku ile nilijua kwamba ulifunga.

Nimekaa na jambo hilo karibu miaka miwili. Nilijiambia utakapokuja kunisalimia ndipo nitakwambia. Kila mwezi nilikungoja uje wewe kwanza.

Na gari likaanza kunizomea. Ile silikoni ilikuwa imekiinua kioo, upepo ukapata pa kupitia. Nikifika kilomita sitini kwa saa linapiga mluzi, sabini linalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Nikawa naendesha hamsini na tano, malori ya majani chai yananipita yakinipigia honi. Kwa mwendo huo nilikuja mpaka Magwagwa, mwezi wa nane mwaka jana. Kutoka mlangoni kwangu ni kilomita sitini na moja. Unajua mila yetu, baba haendi kwa wakwe bila kuitwa. Nilisimama sokoni, nikanunua mkungu wa ndizi, mimi mwenye migomba nyuma ya nyumba, nikageuza.

Mwezi huu nililipeleka Mosocho kwa mama mmoja fundi wa bodi za magari. Alizunguka gari mara moja, akagusa paa kwa kidole.

"Mzee, nani alikupakia hii saruji?"

"Ni mimi."

"Na ulisomea wapi, nisipeleke watoto wangu huko?"

Nilicheka, Kerubo. Nilikuwa nimesahau sauti hiyo. Kisha akanieleza kitu ambacho sikukijua kwa miaka yote niliyolimiliki gari hili. Alisema ile raba ya pembeni haikuwekwa izuie maji yote. Mengine hupita, na chini ya kioo kuna mfereji wa kuyapokea. Kila pembe ina mpira mwembamba unaoyashusha ndani ya nguzo za gari mpaka nje, karibu na magurudumu. Ukiziba juu na mipira imezibika chini, maji yatatafuta kiti.

Alimimina kikombe cha maji kwenye mfereji. Pembe mbili za mbele yakatoka. Za nyuma yakasimama tu, yakitutazama. Akaingiza waya wa breki ya baiskeli taratibu, akisema ukiharakisha utachomoa mpira na dari lote litalowa. Waya ulipotoka, ulikuja na vijani vidogo vidogo vilivyooza, vyeusi, kama majani ya chai yaliyosahauliwa kwenye birika.

"Una mjakaranda kwako?"

"Ninao."

"Basi mwizi wako ni huyo."

Unakumbuka ulivyoniambia? "Tata, mti huu unalimwagia gari takataka." Nami nikakujibu kwamba kivuli hakina takataka.

Silikoni nilikataa aikwangue yeye. Niliiweka, niitoe. Nilifanya kazi hiyo jioni tatu, kwa rula yako ya plastiki ya shule, ile yenye jina lako kwa wino, kwa sababu chuma kingechuna rangi. Sasa jina limebaki herufi tatu. Halafu fundi akaweka raba mpya, akakilaza kioo upya, mbele kikawa chini ya paa kwa milimita moja. Alibana kipande cha karatasi kati ya kioo na raba, akaniambia nivute. Kiligoma kutoka. "Hapo upepo hauna mlango," akasema. Nilirudi nyumbani kwa mwendo wa kilomita themanini kwa saa. Gari lilikuwa kimya, na katika kimya kile nafasi yako ilikuwa kubwa kuliko mluzi wote.

Picha zilikuwa arobaini na mbili. Nilizitenganisha moja moja, zikapona ishirini na tisa. Ile uliyokuwa ukiipangusa imepona, mama yako anacheka. Zile kumi na tatu nimezihifadhi pia, ingawa hazina uso.

Ulifunga, mwanangu. Nilikosa. Shangazi yako nimemwambia, na fundi, na majirani wawili waliosikia nikikufokea siku ile. Mti nimeuacha, gari ndilo nimelihamisha.

Jumapili hii, na ile itakayofuata, na ya tatu, nitaegesha sokoni Magwagwa, upande wa wauza ndizi, kuanzia saa nne mpaka saa nane na nusu, kabla ya mvua. Sokoni si kwa wakwe, hapo mila hainidai. Shangazi anasema Kwamboka ameanza kusimama. Umlete. Tutamsimamisha juu ya kiti, kichwa nje, na safari hii magoti nitayashika mimi. Watakaompungia nitawahesabu, na punda wakiwemo.

Tukimaliza, kitufe bonyeza wewe. Ukisema umefunga, sitatoka nje kukagua.

Ni mimi,
Tata yako.